Kuitwa wa Kwanza

Nilikikuta kwenye droo ya jikoni ya mama, kimelala kati ya mwiko na kisu cha mkate, kinanuka kitunguu saumu. Kirungu cha ngoma. Manyoya ya kichwani yalikwisha kunyonyoka zamani, na kitako cha mpini kilikuwa kimepauka kwa kupondea vitunguu miaka nenda miaka rudi. Mama anahama. Ameamua kurudi Tukuyu akapumzike, baada ya maisha mazima kwenye ghorofa ile ile ya Crescent Town, hapa Toronto, na mimi nimepewa kazi ya kugawa vyombo: hiki kiende, hiki kibaki, hiki apewe Mama Furaha wa chini. Nilikinusa kile kirungu nikakaa sakafuni, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikaanza kucheka peke yangu.

"Unacheka nini huko?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Nimeona mchi wako wa vitunguu."

"Hicho usikitie kwenye boksi," akasema.

Nilikuwa na miaka kumi, na tulikuwa na mwaka mmoja tu Toronto, mimi na yeye. Baba alikuwa bado Mbeya akisubiri karatasi. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na Jumamosi ndiyo ilikuwa zamu yake ndefu. Alihitaji mahali pa kuniweka siku hiyo. Basi siku moja, tukisubiri nguo zikauke kwenye chumba cha kufulia kule chini, akaona tangazo ukutani: kikosi cha ngoma na tarumbeta, watoto wa miaka tisa na kuendelea, wavulana kwa wasichana, vyombo vinatolewa. Alilisoma mara mbili akiwa ameshika soksi. Shuleni kwao Tukuyu walikuwa na bendi, ngoma tatu na filimbi, watoto wakiingia madarasani kwa mwendo wa gwaride, lakini ngoma walipewa wavulana tu. Yeye aliishia kupigia meza kwa rula, na rula ikamponza akachapwa.

"Huku hata wasichana wanapiga," alisema. "Nenda mwanangu. Upige na za kwangu."

Kikosi kilikuwa cha Miss Doreen. Alikuwa mwanamke wa Trinidad, dereva wa basi la jiji siku za kazi, mnene, mwenye sauti iliyozoea kuwaambia abiria wasogee nyuma. Tulifanyia mazoezi Jumanne jioni, na Jumamosi zisizo na mashindano, kwenye maegesho ya magari nyuma ya shule, juu ya lami. Mpaka leo nikisikia harufu ya lami iliyopata jua nyayo zangu zinawasha. Ngoma zetu zilikuwa za kurithi, zina mikwaruzo, nyingine zimefungwa kwa waya. Tarumbeta zilinuka mate ya watoto waliokwisha kuwa baba za watu.

Ngoma za besi zilikuwa tano, kuanzia kubwa iliyomfunika mpigaji mpaka kidevuni hadi ndogo kabisa, ambayo nilipewa mimi. Kazi yetu ilikuwa ya ajabu. Hakuna aliyekuwa na wimbo wake. Mdundo mmoja uligawanywa vipande vitano, kila mmoja akapewa pigo lake. Ulisubiri, ukapiga la kwako mahali pake, ukanyamaza ukamwachia jirani. Ukikosa, kila mtu anasikia pengo, kama jino lililong'oka mbele. Mimi ndiye nilikuwa naanza, na pigo langu likikaa vibaya, wanne wanaonifuata nao wanakaa vibaya. Mtoto wa miaka kumi hapewi madaraka makubwa kuliko hayo. Nilitembea nayo kifua mbele hadi kwenye lifti.

Sasa nieleze lile kosa, maana kila kitu kilitokana nalo.

Mashindano ya kwanza yalikuwa Oshawa, mji wa jirani. Kila kikosi kiliingia uwanjani kwa zamu yake, kikapiga na kutembea, na majaji wakazunguka katikati ya wapigaji wakisemea kwenye vinasa sauti walivyoshika mdomoni. Mwisho vikosi vyote vitano tulipangwa uwanjani kusikiliza matokeo. Miss Doreen alikuwa na sheria moja kuhusu saa hiyo: uso wa jiwe. Umeshinda, hutabasamu, umeshindwa, hulii. Msomaji hakutaja nafasi. Alisoma jina la kikosi na alama, jina na alama, basi. Na jina la kwanza kabisa lililosomwa lilikuwa letu.

Nikajua tumeshinda. Nilibana midomo kwa sababu ya sheria, nikashangaa jinsi wenzangu walivyokuwa hodari wa kuitii, maana nyuso zao zilikuwa jiwe kweli kweli. Kikosi kilichoitwa mwisho kilipigiwa makofi hadi majukwaa yakatikisika, kikapewa na kikombe. Hilo nalo halikunisumbua. Siku ya michezo shuleni kwetu nilikuwa nimeona mtoto aliyemaliza mbio wa mwisho akishangiliwa kuliko wote, walimu wakimkumbatia. Nikajua ndivyo Wakanada walivyo, watu wa huruma. Kikombe kile nilikiona kikombe cha pole.

Nyumbani nilimweleza mama yote, na yeye ndiye aliyekata shauri. Shuleni kwao, siku ya kufunga, mwalimu mkuu alisimama barazani na kuita majina: aliyeitwa kwanza ndiye aliyeshika namba ya kwanza, akatoka mbele akapewa daftari. Hakuna shule aliyoijua yeye iliyofanya kinyume.

"Na alama zilisemaje?" aliuliza.

"Zetu ndizo zilikuwa ndogo kuliko zote."

Alifikiri, kijiko mkononi. "Basi wanahesabu makosa," akasema. "Nyinyi mmekosea kidogo kuliko wengine." Akazima jiko, akanikumbatia hadi nikasikia harufu ya ile dawa ya kusafishia ya kazini kwake. Jumamosi iliyofuata, baada ya Hamilton, tuliitwa wa kwanza tena, nikakuta amepika ndizi kwa nyama, chakula cha sikukuu.

Jumapili tulikuwa na ibada ya Kiswahili alasiri, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la watu tulilokuwa tunaazima. Wakongo wengi, Warundi, Wakenya wachache na sisi. Kabla ya mahubiri watu walisimama kutoa shukrani: huyu amepata kazi kiwandani, yule mtoto amepona. Mama alisimama akasema mwanawe Atupele na kikosi chake wamewashinda watoto wa Kizungu katika ngoma. Vigelegele vilipigwa. Wiki iliyofuata akasimama tena. Na iliyofuata. Alimpigia baba simu, baba akapeleka habari Tukuyu, na babu akaandika barua ya kusema amechinja jogoo kwa ajili yangu. Kwa mwezi mzima nilikuwa mtoto maarufu katika mabara mawili.

Aliyenifumbua macho ni Paula, binti wa Kireno aliyebeba ile besi kubwa. Tulikuwa ndani ya basi tukirudi kutoka mashindano ya nne, nikamwambia kwa kujivuna kwamba hatujashindwa hata mara moja. Alinitazama aone kama nafanya mzaha. Kisha akaniambia polepole, na namshukuru mpaka leo kwa upole ule, kwamba wanaanza kusoma kutoka chini. Anayeitwa kwanza ndiye anashika mkia. Sisi tulikuwa tumeshika mkia Oshawa, tukaushika Hamilton, tukaushika kila tulikopita, na mwaka wa nyuma pia, na wa nyuma yake.

Kutoka hapo hadi Victoria Park, kituo chetu, nilipiga hesabu. Nilihesabu zile ndizi. Nilimhesabu jogoo wa babu. Kilichoniuma kuliko vyote ni mama akiwa amesimama mbele ya watu, mikono imekunjwa tumboni, akishukuru. Mwanamke yule alikuwa anarudi kutoka kazini miguu imevimba, na jambo moja tu zuri la kusimulia alilokuwa nalo katika nchi hii nilimpa mimi, na lilikuwa bure.

Nikafungua mlango, nikakuta sahani imefunikwa. "Eeh?" mama akauliza. "Mmekuwa wa ngapi?"

"Tumeitwa wa kwanza," nilisema. Ukweli mtupu. Nikala huku machozi yananitoka, nikamwambia pilipili imezidi.

Nilikwenda mazoezini mapema wiki ile ili nirudishe ngoma. Miss Doreen alikuwa ameketi kwenye gari lake, milango wazi, anakula chungwa. Nilimwambia siwezi kuendelea kwa sababu tunashindwa.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Jumamosi."

Aliacha kutafuna. Ikabidi nimweleze yote, mwalimu mkuu wa Tukuyu, daftari, ndizi, na yeye akacheka hadi chungwa likadondoka. Sikupenda. Kisha akajifuta macho akaniambia neno ambalo sikulitegemea. Alisema kwamba mwezi mzima alikuwa anawaonyesha wenzangu namna ninavyosimama. Alidhani nina moyo wa chuma.

"Ulikuwa unapigaje ulipodhani unashinda?" aliuliza.

"Vizuri."

"Ngoma ni ile ile. Mikono ni ile ile." Akanirudishia kirungu. "Ila sasa tutafanya kwa akili. Waite wenzako."

Tuliketi kwenye lami kuzunguka gari lake. Alichukua kanda ya jaji wa ngoma, maana majaji walitoa kanda zao kwa walimu baada ya mashindano, na mpaka siku hiyo hakuwahi kutusikilizisha, akihofia kutuvunja moyo. Akaiweka kwenye redio ya gari. Tulijisikia tukipiga, na juu yetu sauti ya mwanamume inanung'unika bila kupumzika: besi ya pili imechelewa, pengo hapa, mguu hauko pamoja, pengo tena, pengo. Nilitamani lami inimeze.

"Sikilizeni," alisema Miss Doreen. "Wale wengine wana ngoma mpya. Wana walimu wanne. Wana basi lenye choo. Dakika kumi nzima hatuwawezi. Lakini mapigo nane tunawaweza. Mapigo nane hayajui basi lina choo au halina." Alituambia tuchague mapigo nane, tuyapige mpaka jaji akose la kusema. Jaji akinyamaza, hayo ni yetu, hakuna wa kutunyang'anya. Wiki inayofuata tunaongeza mengine nane.

Tulichagua mwanzo wa wimbo wa pili, pale tarumbeta zinaponyamaza na besi tano zinashuka peke yake, kutoka ndogo hadi kubwa. Yaani panapoanza na mimi. Tuliyapiga yale mapigo nane jioni nzima. Nilikuwa nayapiga kwenye meza, kwenye ukuta wa lifti, kwenye mgongo wa mama akiniomba nimkande. Paula aliyapiga kwenye dirisha la basi. Jumamosi tulishika mkia kama kawaida yetu, lakini Jumanne tulipokusanyika kwenye gari kusikiliza kanda, yule mwanamume alinung'unika, akanung'unika, tukafika kwenye wimbo wa pili, akanyamaza. Ngoma tano zikashuka katika ukimya ule, moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha akarudi na mapengo yake. Tulirukaruka kwenye maegesho yale hadi mtu akafungua dirisha la ghorofani akatufokea.

Tangu siku hiyo sikuhesabu nafasi. Nilihesabu ukimya. Nane, kisha kumi na sita, kisha ishirini na nne. Sijui kama wenzangu waliona ajabu yake: tulikuwa wa mwisho katika mkoa mzima, na tulikuwa tunakimbilia mazoezini.

Lililobaki ni mama. Mashindano ya kufunga msimu yalikuwa hapa hapa jijini, na yeye alikuwa amebadilishana zamu miezi miwili kabla. Wala hakuja peke yake. Alikuja na gari la kanisa limejaa akina mama, vitenge vya sherehe, hotpoti mbili za ndizi, Mama Furaha mbele akishika mwavuli wa kujikinga jua. Kila nilipojaribu kumwambia nilijikuta naosha vyombo. Basi nilikuwa na njia moja tu, tusiitwe wa kwanza. Kushinda sikuwaza. Niliomba kikosi kimoja tu, chochote kile, kiitwe kabla yetu.

Tuliingia uwanjani. Wimbo wa kwanza sikumbuki. Wa pili nakumbuka kila pigo. Tarumbeta zilinyamaza, nikanyanyua kirungu, nikaona viatu vya kahawia vya jaji vimesimama karibu yangu kabisa, na kinasa sauti kiko mdomoni. Nikapiga. Wenzangu wanne wakashuka nyuma yangu. Nikamtazama kwa pembe ya jicho: mdomo umefungwa. Tulivuka nane. Tukavuka kumi na sita. Tulivuka ishirini na nne, yeye anatembea pamoja nasi akinyata, na mdomo haufunguki. Tulivuka hata mahali ambapo hatukuwahi kuvuka, na nilikuwa nasikia kila ngoma mahali pake, hakuna pengo, hakuna jino lililokosekana. Karibu na mwisho nilipoteza pigo moja. Sijawahi kumwambia mtu, na mnaosoma hapa mnitunzie siri.

Kisha tukapangwa kusikiliza matokeo. Uso wa jiwe. Msomaji akasogeza karatasi, akasoma jina la kwanza.

Halikuwa letu.

Ila vipaza sauti vya uwanja ule vilikuwa vibovu, na akina mama wa kanisa walikuwa wamejiandaa tangu asubuhi. Waliposikia jina la kwanza limesomwa hawakungoja kulichambua. Walisimama wote, vitenge juu, wakapiga vigelegele ambavyo uwanja ule haukuwahi kuvisikia. Uwanja mzima uligeuka kuwatazama. Na wale watoto walioitwa, ambao kwa mara ya kwanza mwaka ule walikuwa wameshika mkia, waligeuka nao. Kijana mmoja mwenye tarumbeta alikuwa ameanza kulia, nikamwona anaacha kulia na kutazama kule juu, hajui la kufanya na furaha yote ile.

Jina la pili likasomwa, likawa letu, na jiwe likapasuka. Paula alitupa kirungu hewani. Watu wakakumbatiana na ngoma zao tumboni, tukagongana, tukaanguka. Nilimtafuta Miss Doreen ili nione kama amekasirika, nikamkuta ameketi kwenye nyasi amejifunika uso kwa kofia ya udereva, mabega yanamtikisika.

Mama alishuka majukwaani mbio, kiatu kimoja mkononi, Mama Furaha nyuma yake akiuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Batoto banalia juu ya nini?" Mama alinikuta nimelowa machozi, akanivuta kifuani.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Wa pili nao ni watu. Usilie."

"Mama," nilisema, na nilisema kwa Kiswahili, ambacho siku hizo nilikuwa nimeanza kukijibu kwa Kiingereza. "Huku wanaanza kuita kutoka mwisho."

Alinishika mabega akaniweka mbali kidogo anitazame. Niliona akirudi nyuma wiki moja moja. Midomo yake ilihesabu.

"Oshawa?" aliuliza.

"Wa mwisho."

"Hamilton?"

"Wa mwisho, mama."

"Na jogoo wa babu yako?"

Nilingoja anikasirikie, nikaona kitu kinapanda kutoka tumboni kwake, kikafika mabegani, kikatoka. Alicheka hadi akamshikilia Mama Furaha, na Mama Furaha akacheka bila kujua sababu. Kisha mama akakatisha ghafla.

"Ulijua tangu lini?"

"Mashindano ya nne."

"Na ukaendelea kwenda?"

Niliitikia kwa kichwa. Akachukua kirungu mkononi mwangu, akakigeuzageuza, akagusa manyoya yake, halafu akaenda kwenye ngoma yangu niliyokuwa nimeiweka kwenye nyasi, akapiga pigo moja. Lilikuwa pigo zuri, limekaa mahali pake. Alikuwa amelisubiri tangu darasa la nne.

Nilidhani mambo ya kanisani yangeishia hapo kimya kimya. Mtoto mimi, bado sikumjua mama yangu. Jumapili ulipofika wakati wa shukrani alisimama, akanishika mkono, tukaenda mbele pamoja. Alisema kwamba kwa majuma mengi amesimama pale kumshukuru Mungu kwa ushindi, na kumbe muda wote ule watoto wake walikuwa wa mwisho. Aliposema hivyo niliangalia sakafu. Mtu alikohoa.

"Sijui Mungu alikuwa ananionaje," aliendelea mama. "Lakini shukrani zile sizirudishi. Leo nimekuja na mpya. Huyu binti alijua kwamba anashika mkia, na kila Jumamosi akavaa viatu akaenda. Na jana, ndugu zangu, tuligeuka nyuma, tukakuta kuna mtu."

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka viti vikisukumwa, na sauti za wale wale wa jana, safari hii zikijua zinamshangilia nani. Na nakumbuka mkono wa mama, uliokuwa mkavu kwa sabuni za kazini, ukinipigia kiganjani taratibu, mara nane, bila pengo.